Dakika Kumi na Nane

Kazi yangu ina majina mawili. Jina lililoandikwa kwenye kitambulisho ninachoning'iniza kifuani ni la heshima: msaidizi wa muuguzi, mwenye cheti. Jina la kijiweni mnalijua wenyewe: kuosha vikongwe. Ukirudi Dar likizo hulikwepi. "Vipi mshikaji wa Unyamwezini, bado unaosha vikongwe?" Watu wanacheka, nawe unacheka nao, maana chipsi na soda zilizo mezani umezinunua wewe kwa hela hiyo hiyo ya vikongwe.

Jina hilo halininyimi usingizi. Linalonikera ni neno linalofuata baada ya kicheko. Mmoja atatikisa kichwa na kusema: "Lakini Wazungu bwana, hawana utu. Mtu anamtupa mama yake mzazi kwenye nyumba ya wazee, halafu anakwenda zake kutembeza mbwa. Sisi Waafrika hatuwezi." Wote wanaitikia, na mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Neno hilo nimelisikia Tandika, nimelisikia harusini Kinondoni, nimelisikia hata kwa watu waliosoma Mlimani wakafuzu.

Ndugu msomaji, mimi nimefanya kazi ya usiku katika nyumba moja ya wazee pembezoni mwa jiji la Houston, jimbo la Texas, tangu mwaka 2019. Sitaitaja kwa jina. Nimeona watu waliosahauliwa na watoto wao, sitaficha. Lakini nimeona pia wazee wanaopendwa sana wakipata vidonda, wakianguka, wakipaliwa. Kilichowaponza ni hesabu. Na hesabu hiyo nimekuja kuikuta Tandika, chumbani kwa bibi yangu, mahali ambapo utu ulikuwepo tele. Ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane juu ya nyumba zenyewe. Marekani zipo kama 15,000, na wanaoishi humo ni watu wapatao milioni 1.2. Si wote walioletwa wakaachwa. Wapo waliovunjika nyonga, wanakaa wiki chache kujifunza kutembea upya, kisha wanarudi kwao. Wapo ambao akili zimewahama, hawamtambui mtu, na usiku wanataka kutoka nje kwenda kukamua ng'ombe waliouzwa mwaka 1960. Wapo ambao mke ana miaka 80 na mume ana kilo 100, na mgongo wa mke umekataa. Kwetu kuna babu mmoja anakuja kila siku kabla ya chakula cha mchana, kofia yake pana ya wachunga ng'ombe kichwani, anavuta kiti, anamlisha mkewe kijiko baada ya kijiko, karibu saa nzima. Mkewe alikwisha kusahau zamani kwamba huyu ni mumewe. Siku moja alimuuliza, "Wewe bwana, umeoa?" Akajibu, "Nimeoa, mke mzuri sana." Huyo naye mwambieni kamtupa mkewe.

Na bei yake si mchezo. Watu kama sita katika kila kumi wanalipiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo. Wengi wao hawakuingia wakiwa maskini. Waliingia na akiba ya maisha, bili ikaila akiba mwezi hadi mwezi, mpaka wakahitimu kuwa maskini wa kulipiwa.

Sisi tunaowahudumia ndio wale mnaotujua: Wahaiti, Wanaijeria, Wafilipino, Wamexico, Wamarekani weusi, na sisi wa Afrika Mashariki. Kuingia kazini si vigumu. Sheria ya nchi ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa muuguzi asome saa zisizopungua 75, kisha afanye mtihani. Jimbo linaweza kuongeza. Kwa kulinganisha, kinyozi wa Texas anatakiwa kusoma saa 1,000 kabla ya kupewa leseni. Yaani ndevu za babu zinalindwa na sheria kuliko uti wake wa mgongo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukua kalamu.

Zamu ya usiku inaanza saa tano usiku na kwisha saa moja asubuhi. Hizo ni saa nane, dakika 480. Toa nusu saa ya kula, zinabaki 450. Upande wangu wa nyumba una wakazi 25. Usiku mwingi msaidizi ni mimi peke yangu. Yupo nesi, lakini nesi huyo mmoja anazunguka na kitoroli cha dawa kwa pande zote, watu zaidi ya 60. Gawanya 450 kwa 25. Unapata dakika 18. Hizo ndizo dakika za kila mzee kwa usiku mzima, na hapo hujahesabu kutembea, kunawa mikono, kubadili shuka, kubeba taka wala kuandika ripoti.

Endelea. Katika wale 25, tuseme 14 hawawezi kujigeuza kitandani. Mtu asiyejigeuza analemewa na uzito wake mwenyewe. Pale mfupa unapokaribia ngozi, kwenye kitako, kisigino, nyonga, damu inabanwa, nyama inakufa polepole, na siku moja unafunua shuka unakuta shimo. Shuleni tulifundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, tena wakati huo huo umsafishe na kumbadilisha nepi, maana mkojo unailainisha ngozi na kuifanya ichubuke upesi. Kumgeuza mtu vizuri, ukamwambia kwanza unachotaka kufanya, ukamwosha, ukamkausha, ukaweka mto kati ya magoti, si chini ya dakika kumi. Watu 14, dakika kumi, mara nne kwa usiku. Jibu ni dakika 560. Nami ninazo 450, na hapo wale wengine 11 sijawagusa kabisa.

Hebu irudie hesabu hiyo. Hapana mahali nilipokuambia habari ya roho mbaya. Mweke malaika katika zamu ile, mbawa zake na kila kitu, bado atapungukiwa na dakika 110.

Basi mtu anafanyaje? Anachagua. Usiku wote ni kuchagua. Huyu ngozi yake bado ngumu, nitampitia mara mbili badala ya nne. Yule ana kidonda tayari, huyo simruki. Mzee wa Reli, tuliyemwita hivyo kwa sababu aliendesha treni miaka 30, ananyanyuliwa kwa mashine, na kanuni inasema mashine ishikwe na watu wawili. Wa pili yuko upande mwingine na watu 25 wake. Unamsubiri, au unaichezea mashine peke yako na kuomba Mungu? Mimi nasubiri. Na wakati nasubiri, Mzee wa Reli amelala kwenye majimaji. Wasaidizi wengi migongo imeharibika hapo hapo, kwenye huko kutosubiri.

Dada mmoja Mkenya aliyenitangulia kazini aliniambia wiki ya kwanza: "Mdogo wangu, hapa usijifunze kukimbia. Jifunze kusikia." Alikuwa na maana kwamba masikio yafanye kazi mikono ikiwa imebanwa. Nilijifunza. Najua kikohozi cha kila mtu. Najua mlio wa kitanda mtu anapojigeuza na mlio wake anapotaka kushuka.

Bi Mwalimu ndivyo nilivyomsikia.

Alikuwa na miaka 91, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na alisahihisha Kiingereza changu mpaka mwisho. Mimi nilimfundisha neno moja tu. Kila nikiingia chumbani kwake saa tano usiku nilisema, "Shikamoo," naye akainua mkono kama malkia na kujibu, "Marahabaa," akiivuta ile a ya mwisho. Wenzangu wakamwambia kwamba neno hilo linamfanya kuwa mkubwa wangu. Akasema alilijua hilo tangu mwanzo, walimu hawaambiwi.

Bi Mwalimu aliweza kusimama, ila miguu haikuaminika. Maagizo yalikuwa wazi: akitaka kwenda chooni abonyeze kitufe, taa iwake juu ya mlango, msaidizi aje amshike. Naye alibonyeza kila siku. Watu wanaopenda kusema "wazee wakaidi" nawaomba wanisikilize hapa. Huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa mtu aliyelelewa kujua kwamba mtu mzima hakojoi kitandani, na miaka 91 haikumtoa katika malezi hayo.

Usiku ule, kama saa tisa hivi, nilikuwa chumba cha mwisho wa korido na mzee aliyekuwa anatapika. Nilikuwa nimemlaza ubavu, mkono mmoja mgongoni kwake na mwingine kwenye beseni. Mtu wa namna ile ukimwachia akarudi chali, matapishi yanaingia mapafuni, na hapo umemuua. Kwa pembe ya jicho niliona taa ya Bi Mwalimu imewaka upande wa pili. Nilimwita nesi kwa sauti. Nesi alikuwa korido nyingine. Niliita tena. Kisha nikasikia kitanda, ule mlio wa pili, wa kushuka. Nikapiga kelele, "Mwalimu, nisubiri!" Nadhani alinisikia. Nadhani pia alikuwa amekwisha kusubiri kadiri alivyoweza.

Kishindo chake hakikuwa kikubwa. Mtu wa kilo 45 haangushi kishindo kikubwa.

Alivunjika nyonga. Gari la wagonjwa lilimchukua alfajiri. Baada ya wiki tatu tulisikia kwamba amefariki hospitalini kwa homa ya mapafu, jambo la kawaida kwa wazee waliolala kitandani na nyonga iliyovunjika. Chumba kilifanyiwa usafi, kikapata mtu mwingine Jumatatu.

Lakini ninachotaka mkione ni fomu. Mzee akianguka lazima fomu ijazwe, nami niliijaza asubuhi ile mikono ikitetemeka. Saa ya tukio. Mahali. Sakafu ilikuwa kavu? Kavu. Taa ya chumba? Inawaka. Alivaa soksi zenye mpira chini? Ndiyo. Kitufe kilikuwa karibu na mkono wake? Ndiyo. Alionwa mara ya mwisho saa ngapi? Saa nane na dakika kumi. Kurasa mbili za maswali, na hakuna hata mstari mmoja uliouliza: mlikuwa wangapi?

Nikauandika mwenyewe. Chini kabisa, pasipo na mstari, niliandika kwamba upande ule ulikuwa na msaidizi mmoja na wakazi 25, na kwamba saa ile ile nilikuwa nimeshika mtu aliyekuwa anatapika. Nikatia sahihi.

Saa nne asubuhi nikaitwa ofisini. Sikufokewa. Niliambiwa kwa upole kwamba fomu ni ya mambo yaliyotokea, si ya maoni, na kwamba ingefaa niijaze upya bila yale maneno ya chini. Nikasema kama kuna namba iliyokosewa nitaisahihisha hapo hapo. Kimya. Hakuna namba iliyokosewa. Nikasema basi, niwieni radhi, siandiki upya. Wiki nne zilizofuata jina langu halikuonekana kwenye orodha ya ovataimu, na mimi ovataimu ndiyo niliyokuwa natumia kutuma nyumbani. Nesi Mfilipino, mama mtu mzima, alinipita kwenye korido akanong'ona: "Umetoa nakala?" Nilikuwa nimetoa.

Msije mkadhani ni nyumba yetu tu, au mwenye nyumba mmoja mwenye tamaa. Jambo hili limo ndani ya sheria yenyewe. Ile sheria ya 1987 ni sheria nzuri kwa mengi. Ndiyo iliyompa mzee haki ya kutofungwa kamba kitandani na kutopewa dawa za kumlaza ili tu asisumbue. Lakini ilipofika kwenye idadi ya watumishi, ikataka nesi aliyesajiliwa awepo saa nane kwa siku, nesi mwenye leseni awepo saa zote 24, na wengine wawe "wa kutosha". Wa kutosha ni wangapi? Hapo kila mtu ana rula yake.

Mwaka 2001 utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe ulionyesha kwamba mkazi anahitaji kama saa 4.1 za wauguzi na wasaidizi kwa siku, chini ya hapo hatari inaanza. Ripoti ikakaa. Mwaka 2024, miaka 23 baadaye, serikali ikatoa kanuni: saa 3.48 kwa kila mkazi kwa siku, na katika hizo saa 2.45 ziwe za wasaidizi kama mimi. Ilikuwa chini ya ile 4.1, lakini ilikuwa namba. Wenye nyumba wakaenda mahakamani. Walisema watumishi hawapatikani na fedha hazitoshi, na katika hilo la watumishi hawakusema uongo mtupu. Aprili 2025 jaji wa hapa hapa Texas akaibatilisha. Julai mwaka huo Bunge likasukuma utekelezaji wake mpaka 2034, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaifuta yenyewe. Tumerudi kwenye "wa kutosha".

Kwamba watumishi hawapatikani, nitawaambia kwa nini. Watafiti walipopiga hesabu ya miaka ya 2017 na 2018 walikuta kwamba kwa wastani nyumba moja ilibadilisha wauguzi na wasaidizi wake kwa asilimia 128 kwa mwaka. Yaani kama wewe una watumishi 100, kwa mwaka wanaondoka 128, maana na waliokuja kuziba nafasi nao wanaondoka. Mtu anajifunza kikohozi cha wazee wake leo, kesho yuko ghala la mizigo anabeba boksi kweli kweli, kwa mshahara ule ule au zaidi, na boksi haliangukii chooni saa tisa usiku.

Wanaobaki wanafanya kazi nyumba mbili ili wapate kodi ya pango. Mnakumbuka mwaka 2020 ulivyoanza? Mlipuko wa kwanza mkubwa wa korona uliojulikana Marekani ulikuwa katika nyumba ya wazee ya mji wa Kirkland, jimbo la Washington, mwezi wa Februari. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba ugonjwa ulisaidiwa kuenea na watumishi waliokuja kazini wakiwa na dalili, na waliokuwa na kazi katika nyumba zaidi ya moja. Asiyelipwa akiugua haugui, anakwenda kazini. Mpaka mwanzoni mwa 2022 wakazi na watumishi waliokufa katika nyumba hizi na makazi mengine ya kutunza watu kwa muda mrefu walikuwa wamepita 200,000. Wawili kati yao nilikuwa nakula nao chakula cha usiku.

Na usalama ni zaidi ya vidonda na kuanguka. Septemba 2017, huko Hollywood, Florida, kimbunga Irma kilikata umeme wa mashine za kupoza hewa katika nyumba moja ya wazee. Joto likapanda, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waliokufa walifikia 12. Hospitali yenye umeme ilikuwa jirani kabisa, umbali wa kutembea. Kwetu Houston kila kimbunga kikitangazwa sisi wa zamu ya usiku huulizana jambo moja: wakituambia tuwatoe wote, watu 25 wasiotembea, tutawatoa kwa mikono ya nani?

Wakaguzi wapo, tena wanakuja bila kuaga, walau mara moja kila miezi 15. Lakini bila kuaga hakumaanishi bila kunusa. Nyumba hujua majira yake yanapokaribia. Utaona wakubwa wa ofisini wamevaa glavu wanagawa juisi. Wazee wenyewe wanashangaa. Mzee wa Reli aliniuliza siku moja, "Nani huyu aliyenipangusa mdomo? Ana tai."

Sasa tuondoke Texas, twende Tandika.

Mwaka 2022 bibi yangu mzaa mama alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukafa. Bibi ana watoto saba na wajukuu ambao hesabu yao naipoteza. Hakuna aliyemtupa. Alikaa kwa Mama Mdogo, mwenye miaka 57, ambaye alifunga genge lake la nyanya na vitunguu ili amuuguze mama yake. Sisi wengine, wa Mbeya, wa Mwanza, mimi wa huku, tukawa tunatuma hela, na kila mtu aliyepiga simu alisema, "Mungu akubariki Mama Mdogo, wewe ndiye wa peponi." Hausigeli alikuja, akakaa miezi miwili, akaondoka. Nani wa kumlaumu?

Mwezi wa nne wa ugonjwa Mama Mdogo alinipigia usiku wa Dar. Akanieleza kidonda. Hakuhitaji kumaliza, nilishaelewa kiko wapi na kimefika wapi. Nikaanza somo langu la kitaalamu: Mama, mgeuze kila baada ya saa mbili, weka mto, mkaushe vizuri. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Mwanangu, nimgeuze na nani?"

Sikuwa na jibu.

"Bibi yako ni mzito. Na mimi tangu mwezi wa tatu sijalala usiku mmoja mzima. Hela yenu naiona, Mungu awazidishie. Mkono siuoni."

Nilikaa na simu sikioni nikapiga tena ile hesabu yangu. Kwa karatasi, Mama Mdogo alikuwa na uwiano ambao hakuna nyumba Texas inayoufikia: mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja. Lakini mtu huyo mmoja hakuwa na saa moja asubuhi ya kumpokezana. Zamu yake ilikuwa saa 24, siku saba, bila ya nesi, bila ya mashine. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mzee je, mwenye uzito mara kumi ya mwana?

Tulifungua kikundi cha familia cha WhatsApp, safari hii si cha kutumiana dua na picha za maua. Tuliandika ratiba. Ile hela ya kila mtu kununua alichojisikia, maziwa ya kopo, shuka, machungwa, tukaiweka pamoja tukamlipa mama mmoja jirani aje asubuhi, mchana na jioni, kila mara nusu saa, kazi yake ni kumgeuza na kumwosha Bibi pamoja na Mama Mdogo. Binamu yangu wa kiume wa Mbagala, kijana wa kijiweni, mtaalamu wa kuwacheka waosha vikongwe, akapewa usiku wa Ijumaa na Jumamosi ili Mama Mdogo alale. Aligoma. Mama yake akamwambia, "Bibi yako alikuosha wewe bila kugoma." Akaenda. Nesi wa zahanati akawa anakuja kusafisha kidonda. Kwa miezi mitano kilifunga. Mama Mdogo akafungua tena genge, asubuhi tatu kwa wiki.

Bibi alifariki Machi 2024. Nauli ya kuja msibani sikuwahi kuipata kwa wakati. Lakini Mama Mdogo alinipigia baada ya mazishi, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukitegemea. Alisema wale kina mama waliomwosha maiti walitoka ndani wakamshika mkono, wakamwambia wameosha wengi waliolala miaka miwili, hawajaona ngozi nzima kama ile.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee atunzwe kwanza na familia, na makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, yawe ya wale wasio na mtu. Zanzibar nako wanao Sebleni na Welezo. Sina ugomvi na hilo. Ila familia za leo ni ndogo, mabinti wanafanya kazi, vyumba ni vya kupanga, na wazee wanaishi zaidi. Nairobi nyumba za wazee za kulipia zipo tayari. Zikijaa kwetu, tutaanza kubishana kama ni utu au si utu, na wakati tunabishana, mtu mmoja atakuwa korido na taa mbili zimewaka.

Neno langu la mwisho ni kwenu mnaotuma hadithi na mashairi humu. Bibi wa maandishi yetu nimemchoka kidogo. Amekaa mkekani, anatafuna tambuu, anatoa busara. Hana nepi, hana kidonda, hajawahi kuita usiku akasubiri. Na yule anayemgeuza hayumo kabisa katika hadithi, hana jina wala mgongo unaouma. Mwandikeni huyo. Mkienda kumwona mzee wa mtu, kwake au hospitali au katika nyumba hizo zinazokuja, msiishie kwenye machungwa na pole. Muulizeni anayemtunza swali ambalo fomu yangu haikuwa nalo: usiku mnakuwa wangapi? Kisha mpige hesabu.